Saa 24 za WW Digi kutoka Igurusi: uzoefu wetu katika shindano la redio za ridhaa

Waendeshaji wa redio za ridhaa, yaani watu wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu na si kwa biashara, nchini mwetu si wengi, na walioko Nyanda za Juu Kusini ni wachache zaidi, kwa hiyo mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kuingia katika shindano la mawasiliano ya kidijitali kwa mara ya kwanza aghalabu hana jirani wa kumuuliza. Sisi tulikuwa watatu: mwalimu wa fizikia wa sekondari, kijana fundi wa sola, na mimi ambaye kazi yangu ya kila siku ni uhasibu. Ninaandika nikimlenga mtu ambaye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, tayari anayo. Ambaye bado hana, aanze na hilo miezi mingi kabla, na aulize masharti ya kuingiza vifaa kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa redio ya kusambaza mawimbi si bidhaa ya kuagizwa kwanza na kuombewa kibali baadaye.

Shindano tulilochagua linaitwa WW Digi. Lilianza mwaka 2019, huendeshwa na World Wide Radio Operators Foundation pamoja na Slovenia Contest Club, na hufanyika kuanzia Jumamosi ya mwisho ya Agosti saa 12:00 UTC (saa za kimataifa) hadi Jumapili saa 11:59 UTC. Kwa saa zetu hiyo ni saa tisa alasiri hadi kesho yake saa tisa kasoro dakika moja. Mitindo inayotumika ni miwili, FT8 na FT4. FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Steve Franke na Joe Taylor, na huyo Taylor ndiye yule mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa ugunduzi wa aina mpya ya pulsa, nyota inayotoa mawimbi ya redio kwa mapigo. FT4 ilifuata mwaka 2019, ikiwa imebuniwa kwa ajili ya mashindano hasa. Katika FT8 kila zamu huchukua sekunde 15, katika FT4 sekunde 7.5. Hakuna anayezungumza kwa mdomo. Kompyuta hutuma milio, kompyuta ya upande wa pili huisimbua, na maneno machache huonekana kwenye skrini.

Kanuni za alama ni fupi, na asiyezielewa hukesha akifukuza vituo visivyomsaidia. Kila QSO, yaani mawasiliano yaliyokamilika kati ya vituo viwili, huleta alama 1, kisha huongezewa alama 1 kwa kila kilomita 3,000 zilizopo kati ya gridi za vituo hivyo. Gridi ni mfumo wa Maidenhead unaoigawa dunia katika viwanja na miraba: Mbeya mjini ni KI61, Iringa KI72, Njombe KI70 na Songea KH79. Vituo hubadilishana gridi hizo badala ya taarifa ya nguvu ya mawimbi. Herufi mbili za mwanzo ndizo kiwanja, na jumla ya alama zako huzidishwa kwa idadi ya viwanja ulivyopata, kila kimoja kikihesabiwa upya katika kila bendi, yaani kila fungu la masafa, kama mita 20 au mita 15. Kituo kimoja huhesabiwa mara moja tu kwa kila bendi, hata mkikutana kwa FT8 na baadaye tena kwa FT4.

Kutokana na hesabu hiyo mambo mawili hujitokeza ambayo kwetu yaliamua karibu kila kitu. La kwanza ni kwamba kiwanja cha KI kina vituo vichache vinavyosikika, hivyo dunia nzima inakuhitaji wewe kuliko unavyowahitaji wao. La pili ni kwamba Ulaya ina waendeshaji wengi mno waliosongamana katika viwanja vichache. Ukishampata mtu mmoja wa JN na mmoja wa JO katika bendi fulani, Mjerumani anayefuata anakuletea alama 3 lakini hakuongezei kizidishi, yaani kiwanja kipya cha kuzidishia. Afrika Kusini, kinyume chake, iko karibu nasi kiasi kwamba Johannesburg huleta alama 1 tu, ila kiwanja chake cha KG ni kizidishi kamili ambacho hakuna sababu ya kukiacha.

Kituo changu cha nyumbani kipo Mbeya mjini, upande wa chini ya Loleza, na hapo ndipo penye tatizo ambalo fedha haziwezi kulitatua. Mlima huo una urefu wa mita 2,656, mji uko kwenye takribani mita 1,700, na kwa mtu anayeishi karibu na miguu yake upeo wa kaskazini huanza nyuzi kama 10 juu. Mawimbi ya kwenda Ulaya yanatoka kuelekea kaskazini, na yale yafikayo mbali zaidi huondoka yakiwa chini kabisa, karibu na ardhi. Zaidi ya hayo, chaja za bei rahisi, taa za LED na inveta za majirani zimeijaza bendi ya mita 20 kelele zisizokoma. Mwalimu ndiye aliyependekeza twende Igurusi, wilayani Mbarali, ambako bonde la Usangu linafunguka upande wa kaskazini bila kizuizi, na ambako gridi inabaki ile ile ya KI61. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 50 kwa barabara kuu ya TANZAM. Tulikodi Noah, tukapakia redio, betri, mianzi na chandarua. Chandarua nakitaja kwa makusudi, kwa sababu mashamba ya mpunga yana mbu hata baada ya mavuno, na mtu anayeng'atwa na mbu habofyi kituo sahihi.

Kuhusu gharama nitakuwa wazi. Redio yetu ya wati 100, iliyotumika, ilitufikia kwa shilingi milioni moja na laki saba pamoja na usafiri na kodi. Betri ya lithiamu ya Ah 100 (ampea kwa saa) ilikuwa laki tisa na nusu. Paneli mbili za sola, kontrola yake, kebo ya antena, kifaa cha GPS cha kuchomeka kwenye kompyuta ili kuipa saa sahihi na vikorokoro vingine vilimaliza kama laki nane. Antena zenyewe hazikuzidi elfu sitini, kwa kuwa daipoli ni waya tu: ya mita 20 ina urefu wa takribani mita 10.15 kutoka ncha hadi ncha, ya mita 15 ina mita 6.8, ya mita 10 ina mita 5.1. Tulizivuta kutoka mashariki kwenda magharibi ili ubavu wake utazame kaskazini na kusini, juu ya mianzi iliyoungwa miwili miwili. Kama ningekuwa na laki tano leo za kutumia kwenye kituo, ningezipeleka zote kwenye kimo cha antena na betri ya pili kabla ya kufikiria redio mpya.

Umeme ndio uliotaka hesabu ya makini kuliko yote. Mtu aliyezoea kuongea kwa sauti hudhani redio inapumzika kati ya maneno, lakini FT8 hutuma kwa nguvu kamili sekunde 12.64 katika kila zamu ya 15, bila kupungua. Kwa sababu hiyo tuliishusha redio hadi wati 40, jambo ambalo pia lilizinusuru transista zake za kutolea nguvu. Kwa wati 40 redio yetu ilivuta ampea kama 11 ikituma na ampea 1.3 ikisikiliza. Ukichukua kwamba unatuma chini kidogo ya nusu ya muda, wastani ni ampea 5 hivi. Ongeza kompyuta mpakato inayokula ampea 2.5, nawe unahitaji karibu Ah 180 kwa saa 24. Betri moja ya Ah 100 inakutupa kabla hakujapambazuka. Sisi tuliongeza betri ya gari la rafiki na kutegemea paneli kuanzia asubuhi, na hata hivyo alfajiri tulikuwa tunasoma volti kwa wasiwasi.

Usiku wa maandalizi ulituonesha jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Mita ilisoma volti 13.1 redio ikisikiliza, lakini kila ilipotuma ilishuka hadi 11.5, na redio ikazima yenyewe mara kadhaa. Betri ilikuwa nzima. Fundi alishika waya wa kutoka kwenye betri akasema, "Mwalimu, shika hapa." Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai. Waya huo ulikuwa mwembamba mno kwa mkondo ule, na mrefu bila sababu. Tuliukata, tukatumia nyaya nene za kubusti gari zilizofupishwa, na volti hazikushuka tena chini ya 12.7.

Saa nayo iliturudisha nyuma. Mitindo hii huhitaji kompyuta zote zikubaliane kwa tofauti isiyozidi sekunde moja hivi, na kompyuta yetu, ambayo ilikuwa imekatiwa intaneti ili kuokoa bando na umeme, ilikuwa imekimbia mbele. Shindano lilipoanza tuliona vituo vingi vikisikika vizuri, lakini tulipoita, waliojibu walikuwa wachache na wenye kurudia rudia. Programu ya WSJT-X, ambayo ndiyo hutuma na kusimbua milio hiyo, ina safu inayoitwa DT inayoonesha kila kituo kimewahi au kimechelewa kwa kiasi gani. Mwalimu aliitazama kwa muda, akauliza, "Inawezekanaje Wajapani, Waitaliano na Waarabu wote wachelewe sekunde moja nukta moja?" Kifaa cha GPS kilikuwa bado kwenye begi. Kilipochomekwa na saa kurekebishwa, namba zile zilishuka karibu na sifuri, na katika zamu iliyofuata skrini ilijaa watu wanaotuita. Kwa hiyo safu ya DT itazamwe kabla ya kitu kingine chochote: namba zikitawanyika, wenye makosa ni wao, zikiwa zote upande mmoja, mwenye kosa ni wewe.

Alasiri hiyo kelele zilikuwa za mashine ya kukoboa mpunga iliyokuwa mbali kidogo na shamba tulilopewa. Mistari ya rangi ilipita kwenye skrini kila mota ilipowashwa. Hatukwenda kumlalamikia mtu anayejitafutia riziki. Tuliisogeza meza na antena mbali zaidi ndani ya shamba, mbali na nguzo za umeme, na ilipofika saa kumi na mbili jioni mashine ilifungwa na bendi ikatulia kiasi ambacho nyumbani Mbeya sijawahi kukisikia. Mwenye shamba alikuja kututembelea wakati huo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Sasa mnaongea na nani humo?"

"Tunaongea na Mjapani, mzee."

Alitega sikio, akasikia mlio mwembamba tu. "Na yeye ndivyo anavyolia?"

Tulicheka, lakini swali lake lilimfanya Mwalimu amweleze vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia akieleza darasani, na mzee alibaki nasi hadi saa tatu usiku akitusomea majina ya vituo kwa sauti.

Sasa niingie katika uendeshaji wenyewe, maana hapa ndipo alama zinapopatikana au kupotea. Mtu wa KI hapaswi kuzunguka akijibu miito ya wengine kwa saa nyingi; aite yeye, wamfuate. Isipokuwa pale anapoona kiwanja kipya ambacho hakijamwita, basi amfuate huyo haraka na kurudi. Dirisha la kawaida la kHz 14,074 hujaa kupita kiasi saa hizo, kwa hiyo ni vyema kusogea juu yake kama kanuni zinavyoshauri, na kutafuta nafasi tupu kabla ya kuanza kuita.

Ukishaita, programu inakuonesha vituo kumi au kumi na tano vinavyokujibu katika zamu moja. Kishawishi ni kumchukua mwenye mawimbi makubwa zaidi. Sisi tulijiwekea utaratibu wa kinyume: kwanza kiwanja kipya, pili kituo cha mbali chenye mawimbi hafifu, kisha Mzungu wa jirani yetu wa kila jioni. Mwenye nguvu atarudia, atasubiri, atakuwepo hata baada ya nusu saa. Yule wa desibeli 19 chini ya sifuri anaweza kutoweka wakati unajinyoosha. FT4 inafaa jioni kwa Ulaya, kwa sababu QSO nzima inaweza kwisha katika nusu dakika, lakini inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ya FT8 kwa desibeli tatu hadi nne. Kwa Japani na Pasifiki tulirudi FT8 na kukubali mwendo wa polepole.

Jambo ambalo wageni hulipuuza ni namna QSO inavyofungwa. Ukiita wewe, anakujibu kwa gridi yake, unamtumia R (nimepokea) pamoja na gridi yako, naye anamaliza kwa RR73, yaani nimepokea, kwaheri. Akishaituma hiyo, kwake imekwisha na ameshaandika kwenye logi, yaani daftari lake la mawasiliano. Kama haikukufikia, wewe bado huna kitu. Kwa hiyo usimwache. Mrudie R na gridi hadi RR73 ije. Upande wa pili nao una wajibu: ukiwa wewe ndiye uliyejibu mwito na umetuma RR73, kaa zamu moja zaidi uangalie kama mwenzako anairudia R yake. Akiirudia, maana yake hajakusikia, nawe umtumie tena. Wanaokimbia kabla ya hapo huandika QSO ambayo haimo katika logi ya mwenzao, na wakaguzi huifuta.

Alfajiri, kabla jua halijatoka, kituo cha Hawaii kilituita kwenye bendi ya mita 20 kikiwa na gridi BL11. Ni zaidi ya kilomita 18,000, alama 7, na kiwanja ambacho hatukutarajia kukiona. Tulituma R KI61. Kimya. Tukatuma tena. Skrini ilionesha Waitaliano watano wakituita kwa mawimbi makubwa, na fundi, ambaye zamu ilikuwa yake, mkono wake ulikuwa tayari juu ya mmoja wao.

"Kaka, huyu ameshaondoka."

"Endelea naye," Mwalimu akasema kutoka ndani ya blanketi.

Tulirudia kwa zamu kadhaa nikiwa nimeacha kupumua, nakiri. Kisha mstari mmoja ukaja, desibeli 22 chini ya sifuri, wenye jina letu, jina lake na RR73. Hakuonekana tena. Waitaliano wote watano walikuwa bado wapo.

Usiku wenyewe haukuwa na mengi. Baada ya saa saba mita 15 na 10 zilinyamaza, mita 20 ikapungua, na kazi ikabaki kwenye mita 40 kwa daipoli iliyokuwa chini mno kwa bendi hiyo. Tulilala kwa zamu. Ninashauri watu wawili walale muda huo na mmoja abaki, kwani uchovu wa asubuhi ni ghali kuliko QSO chache za usiku; asubuhi bendi za juu hufunguka tena na kila mtu anahitajika akiwa na akili timamu.

Katika saa hizo za usingizi fundi aliuliza kwa nini tusiweke programu inayojibu yenyewe hadi kuche. Zipo, na zinafanya kazi. Ila kanuni za WW Digi zinataka kila QSO ianzishwe na mtu kwa kitendo chake mwenyewe wakati ule ule, katika pande zote mbili. Binafsi naona kanuni hiyo ni ya haki, na hata isingekuwapo ningeikataa mashine hiyo: uamuzi wa kumsubiri Hawaii usingefanywa nayo.

Kuna mtego mwingine wa kiwango cha sauti kati ya kompyuta na redio. Ikizidi, mawimbi yako hupanuka na kuwaharibia majirani wa bendi, na wewe unadhani unasikika zaidi. Ishushe hadi kipimo cha ALC cha redio, kinachoonesha sauti ikizidi, kisicheze kabisa, kisha kitazame upya kila unapobadili bendi, maana kiwango kinachofaa mita 20 hakifai lazima mita 10. Tulifunga pia vipete vya feraiti, vya kuzuia mawimbi yasipite, kwenye waya wa USB, baada ya kompyuta kukata mawasiliano na redio mara kwa mara tulipotuma katika mita 15.

Logi hutumwa kwa muundo wa faili uitwao Cabrillo, nayo lazima iwe katika UTC. Hapa Mtanzania anayumba kwa urahisi kuliko wengine, kwa sababu kichwani ana saa za Kiswahili, ukutani ana saa za Afrika Mashariki, na shindano lina saa zake. Iache kompyuta iandike muda yenyewe na usirekebishe kitu kwa mkono. Itume logi jioni ile ile ya Jumapili au kesho yake, kwa kuwa muda unaotolewa ni mfupi, na chagua kundi sahihi: sisi tulikuwa waendeshaji wengi wenye kisambazaji kimoja, nguvu ndogo, isiyozidi wati 100. Kundi hilo lina masharti yake ya kubadili bendi ambayo yasomwe kabla ya Jumamosi. Nakala ya logi hiyo hiyo tuliipandisha kwenye Logbook of the World, tovuti ya kuthibitishana mawasiliano, kwa kuwa kila aliyempata mtu wa 5H, yaani wa Tanzania, anataka uthibitisho, na kumcheleweshea si uungwana.

Miezi michache baadaye tulipata taarifa ya ukaguzi wa logi yetu. Karibu QSO zote zilizofutwa zilikuwa za aina mbili: zile za saa ya kwanza kabla ya GPS kutolewa kwenye begi, na zile ambazo sisi ndio tuliofuata vituo vingine na kuondoka mapema mno baada ya RR73. Tulizozipata kwa kuita wenyewe zilisimama takriban zote, ya Hawaii ikiwemo. Kwa Agosti ijayo mzee ameturuhusu kusimamisha nguzo mbili za mlingoti za mita 14 katika shamba lake, mpunga ukishavunwa, kwa sharti kwamba tumuwekee taa ya sola ghalani.